Si mwili uliozoea dawa: jinsi baiolojia ya usanisi inavyowinda bakteria sugu

“Amoksilini mwili wangu umeshaizoea, nipe Azuma.” Kauli hii husikika kila siku kwenye maduka ya dawa, na mara nyingi muuzaji huikubali bila kuuliza swali. Siku hizi imeongezeka habari nyingine mitandaoni: kwamba wanasayansi wanatengeneza virusi vya kuua bakteria, wanawakata vinasaba kwa mkasi, na kwamba shida ya dawa kugonga mwamba imekwisha. Kuna waliofurahi na kuna walioogopa, na pande zote mbili zimechanganya mambo.

Tuanze na hiyo kauli ya dukani. Mwili hauzoei antibiotiki. Antibiotiki, ambayo vitabuni huitwa kiuavijasumu, ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Anayebadilika ni bakteria. Usugu ni uwezo wake wa kuendelea kuishi penye dawa ambayo zamani ilimmaliza. Ndiyo maana kichanga cha siku tatu, ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote, anaweza kuambukizwa bakteria ambaye tayari ni sugu. Kama mwili ndio unaozoea, hilo lisingewezekana. Wataalamu Tanzania huliita tatizo hili UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na kwamba eneo lililobeba mzigo mzito kuliko yote kwa idadi ya watu ni Afrika Magharibi.

Bakteria hujikinga kwa njia chache zinazojulikana vizuri. Wapo wanaotoa kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Hivyo ndivyo penisilini na jamaa zake, amoksilini ikiwamo, hushindwa. Wapo wenye pampu ukutani mwao, wanaoitoa dawa nje kwa kasi ile ile inayoingia, kama baharia anavyofua maji ndani ya mashua inayovuja. Wengine hubadilisha kile kitasa ambacho dawa ilikuwa inakiingia kama ufunguo. Wengine huziba vitundu vya kupitia.

Maelekezo ya mbinu hizi yameandikwa kwenye DNA, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Bakteria anaweza kuyahifadhi maelekezo kwenye plasmidi, kiduara kidogo cha DNA kilicho pembeni na kromosomu yake, kisha akamgawia jirani nakala. Chukulia ujumbe wa WhatsApp: haumsubiri mtoto azaliwe ndipo aurithi, unasambazwa kwa yeyote aliye karibu, hata asiye wa ukoo mmoja. Kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachoharibu hata karbapenemu, dawa zinazowekwa akiba kwa wagonjwa mahututi, kilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa India. Jeni lake lilikutwa kwa Klebsiella na pia kwa E. coli, bakteria wa utumboni, spishi mbili tofauti ndani ya mtu mmoja.

Ongeza hapo kasi ya kuzaana. E. coli akipata chakula na joto zuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria mmoja wa saa mbili usiku, kwa hesabu hiyo, saa kumi na mbili asubuhi ana kizazi cha zaidi ya bilioni moja. Kila mgawanyiko ni kunakili mamilioni ya herufi za DNA, na makosa ya kunakili lazima yatokee. Kosa linalompa bakteria wa kifua kikuu usugu wa rifampisini hutokea kwa takriban mmoja kati ya milioni mia moja, na la isoniazidi kwa takriban mmoja kati ya milioni moja. Uwezekano wa mmoja kuwa na makosa yote mawili kwa pamoja ni kuzidisha namba hizo, jibu ambalo halipatikani kirahisi ndani ya pafu la mtu. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa wa TB huanza na dawa nne kwa mpigo. Ikumbuke kanuni hii ya kuchanganya silaha, kwa sababu itarudi.

Basi kwa nini viwanda visitutengenezee antibiotiki mpya? Hujaribu, lakini dawa mpya hufungiwa kabatini ili bakteria wasiwe sugu kwake haraka, na dawa iliyofungiwa haiuziki. Kampuni ya Achaogen ya Marekani iliidhinishiwa dawa yake ya plazomisini Juni 2018. Aprili 2019 ikaomba kufilisiwa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Usanisi tunaujua tangu shuleni, katika usanisinuru: ni kuunda kitu kwa kuunganisha sehemu zake. Baiolojia ya usanisi ni kazi ya kuunda au kuandika upya sehemu za viumbe hai, DNA hasa, ili zifanye jambo ulilolikusudia. DNA ni maandishi ya herufi nne, A, T, G na C. Zamani mtaalamu alihamisha jeni moja kutoka kiumbe hiki kwenda kile, kama fundi cherehani anayebandika kiraka. Siku hizi anaandika mfuatano wa herufi kwenye kompyuta, kiwanda kinamtengenezea, naye analetewa kichupa chenye DNA iliyokaushwa. Anaitia kwenye seli na kupima kama inafanya alichotaka. Isipofanya, anarudi kwenye kompyuta. Ni kukata kitambaa kizima kwa vipimo vya mvaaji.

Anayeogopa wazo lenyewe na amtazame jirani yake mwenye kisukari. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na E. coli aliyepewa jeni la mtu imeruhusiwa kuuzwa Marekani tangu mwaka 1982. Mamilioni ya watu wanaishi kwa sababu bakteria alifundishwa kazi.

Dhidi ya usugu, silaha iliyofika mbali zaidi katika fani hii ni bakteriofaji, kwa kifupi faji: virusi vinavyoambukiza bakteria pekee. Vilielezwa na Mwingereza Frederick Twort mwaka 1915 na Félix d'Herelle mwaka 1917, na jijini Tbilisi, Georgia, kuna taasisi iliyoanzishwa mwaka 1923 ambayo hadi leo inatibu kwa faji. Faji hutua juu ya bakteria, hushika alama fulani kwenye ukuta wake, humchoma na kumpenyezea DNA yake. Bakteria anageuzwa kiwanda, anatengeneza makumi au mamia ya faji wapya, kisha anapasuka. Seli za binadamu hazina alama hizo, kwa hiyo faji hana mlango wa kuingilia. Hofu kwamba “virusi vya kutengenezwa vitatugeukia” inaanguka hapo.

Kumpata faji ni kazi ya mikono kuliko watu wanavyodhani. Unachukua mililita chache za maji taka au matope, unazizungusha kwenye mashine ili uchafu uzame, kisha unapitisha maji ya juu kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22. Bakteria hawapiti, faji wanapita. Unachanganya maji hayo na bakteria unayemlenga kwenye rojo laini ya agari ya uvuguvugu, unamwaga juu ya sahani na kuiacha kwenye nyuzi 37 hadi kesho yake, ikiwa ni bakteria anayekua haraka kama E. coli. Asubuhi sahani imefunikwa na bakteria kama kioo kilichopumuliwa. Penye faji pana doa, mahali ambapo bakteria wote wameuawa.

Doa hilo liangalie kwa makini. Likiwa angavu kabisa, umepata faji muuaji. Likiwa na ukungu katikati, kuna bakteria walionusurika, kwa sababu faji huyo ana tabia ya kulala: anajipachika kwenye DNA ya bakteria na kutulia, akizuiwa na jeni moja linalofanya kazi ya breki. Faji wa aina hii hafai kwa tiba. Bakteria anayemhifadhi hawezi kuambukizwa tena na faji wa jamii hiyo, na baadhi ya faji hao hubeba jeni za sumu au za usugu toka bakteria mmoja hadi mwingine. Kumpa mgonjwa faji huyo ni kuongeza tatizo lile lile.

Hapo ndipo usanisi ulipoingia, na kisa chenyewe kimeanzia Afrika. Mwaka 2010, huko Durban, Afrika Kusini, faji mmoja alipatikana kwenye biringanya lililokuwa linaoza. Akaitwa Muddy na kuhifadhiwa. Miaka kadhaa baadaye, msichana wa miaka 15 jijini London, mwenye ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, alipandikizwa mapafu mawili na bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, ndugu wa mbali wa yule wa kifua kikuu, akasambaa mwilini mwake. Antibiotiki zilishindwa. Madaktari wake wakawasiliana na Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mwenye hazina ya faji takriban 10,000.

Katika hazina yote hiyo, Muddy peke yake ndiye aliyemuua vizuri bakteria wa msichana yule. Wengine wawili, ZoeJ na BPs, walimgusa lakini walikuwa na tabia ya kulala. Faji mmoja ni hatari, kwa sababu ile ile ya dawa nne za TB. Basi wakaondoa breki. DNA ya faji ilichanganywa na kipande kifupi cha DNA ya kutengenezwa, kilichoandikwa sawa na pande mbili za jeni la breki lakini bila jeni lenyewe. Mchanganyiko ukaingizwa kwa mshtuko wa umeme ndani ya Mycobacterium smegmatis, binamu asiye na madhara makubwa, aliyewekewa vimeng'enya vya kuunganisha DNA. Baadhi ya faji waliozaliwa humo walibeba DNA iliyorukwa jeni hilo. Madoa yao yalichunguzwa moja moja kwa kipimo cha PCR hadi akapatikana aliye safi. Ukungu ukatoweka katikati ya doa.

BPs bado alikuwa dhaifu kwa bakteria wa mgonjwa, hivyo likachaguliwa badiliko jingine lililotokea lenyewe na kumpa uwezo wa kumwingia. Baada ya hapo ni usafishaji, na kwa bakteria wa jamii ya E. coli huu ndio mtihani mgumu: bakteria akipasuka humwaga endotoksini, sumu ya ukutani inayoweza kushusha shinikizo la damu ghafla. Kiwango kinachokubalika kwa sindano ya mshipani ni yuniti 5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Maandalizi yakizidi hapo, faji bora namna gani hamwagiwi mgonjwa.

Msichana yule alipewa faji bilioni moja mshipani kila baada ya saa 12, kwa wiki 32 na zaidi. Ripoti ya mwaka 2019 katika jarida la Nature Medicine ilieleza kuwa kidonda cha kifuani kilifunga, ini likafanya kazi vizuri zaidi na vinundu vya ngozi vikapungua. Ilikuwa mara ya kwanza faji waliobadilishwa vinasaba kutumika kwa binadamu. Maambukizi hayakuisha kabisa, na nisingependa mtu alifiche hilo. Kuna pia jambo linaloachwa katika masimulizi mengi: hospitali ilituma bakteria wa wagonjwa wawili. Kwa mgonjwa wa pili, mwenye bakteria wa spishi ile ile, faji anayefaa hakupatikana, naye akafariki.

Kwa maoni yangu kisa hiki cha pili kina somo kubwa kuliko cha kwanza. Faji hachagui spishi tu, huchagua hata tawi ndani ya spishi. Azithromaisini, ile Azuma ya dukani, hufagia kila aliye mbele yake, mbaya na mwema wa tumboni pamoja. Faji ni mshale wenye jina la mtu. Uzuri wake na udhaifu wake ni kitu kimoja.

Ule “mkasi” nao unahitaji maelezo. CRISPR, husomwa krispa, ni kinga ya asili ya bakteria dhidi ya faji: huhifadhi vipande vya DNA ya adui kama picha za wahalifu kituo cha polisi, na adui akirudi hutambuliwa na kukatwa. Wanasayansi wakaugeuza mkasi dhidi ya mwenyewe. Unaandika ufunguo wa herufi 20 hivi unaolingana na jeni la usugu, unaupakia ndani ya faji, na kimeng'enya kinakata pale pale. Herufi 20 zinatosha, kwa kuwa zina mpangilio wa aina zaidi ya trilioni moja, ilhali E. coli wa maabara ana herufi kama milioni 4.6 tu; kufanana kwa bahati ni nadra.

Kinachotokea baada ya kukata hutegemea mahali. Ukikata kromosomu, bakteria hufa. Ukikata plasmidi, kuna njia mbili: huipoteza na kurudi kuwa dhaifu mbele ya dawa ya kawaida, au hufa kwa sababu plasmidi nyingi hubeba sumu inayodumu pamoja na kiondoa sumu kinachoharibika upesi. Plasmidi ikitoweka, kiondoa sumu kinaisha kwanza na sumu inabaki. Majaribio ya maabara yaliyothibitisha haya yalichapishwa mwaka 2014. Kampuni ya SNIPR Biome ya Denmark ilichuja faji 162, ikawaunda baadhi kwa CRISPR na kubaki na wanne wa kuwindia E. coli tumboni mwa wagonjwa wa saratani ya damu, kabla hajavuka kuingia kwenye damu. Locus Biosciences ya Marekani imejaribu mchanganyiko wa faji sita, wenye kimeng'enya Cas3 kinachochana DNA kwa urefu badala ya kukata mara moja, kwa wanawake wenye UTI. Matokeo ya awali ya wagonjwa 39 yalichapishwa mwaka 2024. Hizi bado ni hatua za majaribio. Usimtafute mtu akuuzie dawa ya CRISPR ya UTI. Haipo dukani popote.

Kuna kazi nyingine ninayoipenda kwa unyenyekevu wa lengo lake: haiui bakteria yeyote. Ukimeza ampisilini, sehemu yake hufika utumbo mpana na kuwapa nafasi bakteria sugu kwa kuwaua wenzao. Timu ya chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2022 ilimrekebisha Lactococcus lactis, bakteria wa jibini, awe anatoa kimeng'enya cha kuharibu dawa hiyo tumboni tu, huku iliyo kwenye damu ikiendelea kutibu. Lakini je, jeni hilo si ndilo lile lile la usugu? Ndiyo, na ndiyo maana walilikata vipande viwili. Kila kipande hutolewa nje ya seli na kuungana huko, hivyo bakteria anayeokota kimoja haambulii kitu. Kwa panya ilifanya kazi.

Sasa yanayoharibika. Bakteria hujifunza kumkwepa faji kwa kubadilisha ile alama ya ukutani. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni lililolengwa, ufunguo wa CRISPR unaweza kukataa, kwa hiyo hulengwa sehemu zaidi ya moja. Mkasi usipofika ndani ya kila seli, aliyebaki ndiye mzazi wa kesho. Na mwili wenyewe huwaona faji kama wageni: katika wagonjwa 20 walioripotiwa mwaka 2022, waliotibiwa kwa faji wa Hatfull na wenzake, 11 walipata nafuu ya aina fulani, 8 walitengeneza kingamwili za kuwazima faji, na kwa 4 kati ya hao inadhaniwa ndizo zilizozuia tiba.

Hata hivyo ukwepaji nao una gharama. Faji OMKO1, aliyetoka kwenye kidimbwi huko Connecticut, humshika Pseudomonas aeruginosa kwenye ile pampu ya kutolea dawa. Bakteria akiibadilisha pampu ili faji asishike, pampu inadhoofika na antibiotiki inarudi kufanya kazi. Akiilinda, faji anaingia. Kumbana adui pande mbili namna hii kunanipa matumaini kuliko ahadi ya silaha moja itakayomaliza vyote, na kunaonyesha kuwa faji na antibiotiki hutumika pamoja. Anayedhani teknolojia hii itaturuhusu kukatisha dozi tena hajaielewa.

Kwa Afrika Mashariki swali la kwanza si kiwanda cha DNA. Faji tunao: watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo jijini Nairobi, wamekuwa wakitafuta faji wa kupambana na Salmonella kwenye kuku. Kinachokosekana mara nyingi ni jina la bakteria. Silaha inayochagua haina kazi kwa mgonjwa aliyeandikiwa “UTI” kwa kuangalia rangi ya kipimo cha karatasi, akapewa vidonge vya rangi mbili na kuambiwa arudi asiposikia nafuu.

Jina hupatikana kwa kuotesha mkojo. Sampuli ichukuliwe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza; ukishameza, bakteria wanaweza kushindwa kuota na jibu likaja kuwa hakuna kitu. Jisafishe, mkojo wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati kwenye kichupa safi chenye mfuniko, ufike maabara ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye friji. Siku ya kwanza unapakwa kwenye sahani. Siku ya pili makundi yanahesabiwa, na 100,000 kwa mililita ndicho kipimo kilichozoeleka cha maambukizi. Bakteria anatambuliwa, kisha anatandazwa kwenye sahani mpya pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa. Siku ya tatu fundi anapima kwa rula upana wa duara tupu kuzunguka kila kidonge, kwa milimita. Sahani hiyo hiyo ina nafasi ya tone la faji pembeni, na doa lake, angavu au lenye ukungu, husomwa asubuhi ile ile.